Tupime Kabla ya Kutuhumu



Katika mali ambazo watu wengi hushirikiana, ni chache ziletazo maneno upesi kama gari. Nyumba ya wakfu husimama pale pale, kila apitaye akaiona. Shamba la jamaa laweza kuhesabiwa minazi yake. Lakini gari hutoka asubuhi likarudi jioni, na petroli iliyotiwa ndani yake haionekani tena. Aliyeshika usukani ndiye ajuaye limekwenda wapi. Kwa hivyo petroli ikizidi, macho ya watu hayaendi kwenye injini, huenda kwa dereva.

Twataka kuwaeleza jambo lililotokea katika madrasa tunayosomesha, hapa Tanga. Hatukusudii kumfedhehesha mtu, wala hatutamtaja mtu kwa jina. Twalieleza kwa sababu ndani yake mna elimu mbili: elimu ya kifaa kidogo kiitwacho multimita, ambacho mafundi wetu hukiita mita tu, na elimu ya kutenga baina ya dhana na yakini. Tulipoziona zikifanya kazi pamoja tulitambua kuwa elimu hizi mbili ni ndugu.

Madrasa yetu ina basi dogo, lililonunuliwa kwa michango ya wazazi baada ya kwisha kutumika Japani. Huwachukua watoto wanaokaa mbali na kuwarudisha kwao kabla ya magharibi. Dereva wake ni mtu mzima, mjane, aleaye wajukuu wawili, na alikuwa ametutumikia kwa miaka tisa bila ya kuvunja ahadi. Kila siku huandika katika daftari lake kilomita alizokwenda na lita alizotia. Kwa muda mrefu basi lilitumia kadiri ya lita 40 kwa juma. Kisha zikawa 45, zikawa 50, hata zikafika 60, na kilomita ni zile zile.

Dereva mwenyewe ndiye aliyetoa khabari kwanza. Alisema injini inavuma kuliko desturi hata gari likiwa limesimama, moshi wa nyuma umekuwa mweusi, pana harufu ya petroli, na injini ikizimwa ikiwa na moto huwa nzito kuwaka tena. Basi likapelekwa gereji. Fundi akabadilisha plagi, kwani zilikuwa nyeusi kwa masizi. Haikufaa. Akabadilisha chujio la hewa. Haikufaa. Mwisho akabadilisha sensa ya joto la injini, akasema hiyo ndiyo yenye ila. Nayo haikufaa. Mara tatu fedha za wazazi zilitoka, na mara tatu moshi ukabaki mweusi. Alipoulizwa mara ya nne, fundi alijibu kuwa kila kiwezacho kubadilishwa kimekwisha kubadilishwa, gari ni zima, basi na waulizwe wenye kushika funguo.

Neno hilo likatosha. Kamati ilikutana baada ya swala ya isha, na mjumbe mmoja, mtu mwema atoaye kwa mkono wake katika kila jambo la madrasa, akasema, "Maalim, chombo ni kizima, fundi kasema. Kilichobaki ni mkono wa mtu." Daftari likaletwa. Wakasema kuwa limeandikwa na mtuhumiwa mwenyewe, haliwezi kuwa shahidi wake. Dereva hakujitetea kwa maneno mengi. Aliweka funguo juu ya mkeka, akasema, "Waheshimiwa, mimi sina la kuongeza. Funguo hizi hapa."

Msomaji, fikiri uzito wa funguo zile. Mtu wa makamo yule, akifukuzwa kwa ajili ya wizi wa petroli ya watoto wa chuo, ni nani katika mji atakayempa gari lake tena? Na wale wajukuu wataitwaje barazani? Sisi tuliiomba kamati jambo moja tu: siku tatu. Tulisema, "Fundi ametuambia alichobadilisha. Bado hajatuambia alichopima." Wakakubali.

Kabla ya kueleza yaliyofuata, yatupasa tuseme sensa ya joto ni kitu gani, maana bila ya kuijua hatutaelewana.

Magari ya zamani yalitiwa petroli kwa kabureta. Haya ya siku hizi yana kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, nayo ndiyo iamuayo petroli kiasi gani iingie. Kompyuta haina macho wala mikono. Hupata khabari zake kwa sensa: moja ya hewa, moja ya mwendo wa injini, moja ya joto la maji yanayozunguka injini, na nyinginezo. Injini ikiwa baridi huhitaji petroli zaidi, kama mpishi anavyochochea kuni nyingi zaidi anapoanza kuwasha jiko. Injini ikishapata moto, petroli hupunguzwa. Basi sensa ya joto ikitoa khabari kwamba injini ni baridi ilhali ina moto, kompyuta huendelea kumimina petroli, injini ikavuma, moshi ukawa mweusi, na plagi zikajaa masizi. Ndizo dalili zile zile dereva alizozitaja tangu siku ya kwanza.

Ndani ya sensa hiyo mna kipande kidogo ambacho ukinzani wake kwa umeme hupungua kila joto linapozidi. Tabia hii iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1833, alipokuwa akijaribu madini ya fedha na kiberiti. Katika sensa nyingi za magari ya Kijapani, joto likiwa nyuzi 20 ukinzani huwa baina ya omu 2,000 na 3,000. Joto likifika nyuzi 80, ukinzani hushuka hata ukawa baina ya omu 200 na 400. Kompyuta hupeleka umeme wa volti 5 kupitia kizuizi kilichomo ndani yake, ukaenda kwa waya mmoja hadi kwenye sensa, ukapita ndani ya sensa, ukarudi kwa waya wa pili, ambao mafundi huuita ethi. Kisha kompyuta hutazama ni volti ngapi zilizobaki katika waya wa kwanza. Zikiwa nyingi, hufahamu kuwa injini ni baridi. Zikiwa chache, hufahamu kuwa ina moto.

Basi khabari hupita mahali patatu: waya wa kwendea, sensa yenyewe, na waya wa kurudia. Yeyote katika hao watatu aweza kuiharibu. Lakini sensa ndiyo itokayo kwa spana moja, na dukani iko. Waya umejificha ndani ya furushi la nyaya, na kuufuata kwahitaji subira. Ndiyo maana sensa hushutumiwa kabla ya waya. Nasi tuliona kuwa hivyo hivyo ndivyo watu wanavyofanyiana: kinachotuhumiwa kwanza ni kile kilicho chepesi kubadilishwa. Kumpata dereva mwingine ilikuwa kazi ya siku moja.

Tuna kijana mmoja tuliyemsomesha tangu alifu na be, ambaye baadaye alijifunza umeme wa magari. Tulimwita, akaja baada ya swala ya alfajiri na mkoba mdogo. Tulimweleza khabari yote. Akasema, "Maalim, mimi sitabadilisha kitu leo. Nitauliza tu." Akatoa mita yake.

Kifaa hiki kina khabari yake. Mwaka 1923 ilitokea mita ya kwanza ya namna hii kuuzwa, iliyobuniwa na Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, aliyechoshwa na kubeba vyombo vingi mbalimbali alipokuwa akishughulikia nyaya za mawasiliano. Aliviunganisha vyombo vitatu katika sanduku moja, likaitwa Avometer, kwa herufi za mwanzo za ampea, volti na omu. Ampea ni kadiri ya mkondo wa umeme unaopita. Volti ni nguvu ya msukumo wake. Omu ni ukinzani, yaani uzito wa njia inayopitiwa. Vipimo hivi vilipewa majina ya wataalamu watatu, Mfaransa, Mtaliana na Mjerumani, na mkutano wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881 ukayakubali.

Huyo Mjerumani, Georg Simon Ohm, alikuwa mtoto wa fundi wa makufuli, na kazi yake ilikuwa ualimu. Alisomesha hisabati na elimu ya maumbile katika skuli moja ya Cologne, akifanya majaribio yake kwa nyaya na vyombo. Mwaka 1827 alitoa kitabu chake, akabainisha kuwa mkondo huzidi kwa kuzidi msukumo na hupungua kwa kuzidi ukinzani. Wakubwa wengi wa elimu nchini kwake hawakumpa haki yake. Mwaka 1841 ndipo Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley. Sisi walimu tukisikia khabari ya mwalimu mwenzetu aliyepima kwa subira, akangoja miaka 14 hata kweli yake ikakubaliwa, twajua kuwa subira si maneno ya mimbarini tu.

Turudi kwenye basi letu. Kwanza kijana aligusanisha ncha mbili za mita, nyekundu na nyeusi. Kioo kikaonesha karibu na sifuri. Tulipomwuliza sababu, alisema, "Kipimo nacho hupimwa kwanza, Maalim. Waya wa mita ukiwa mbovu, utasingizia gari zima." Kisha akapima betri: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na baada ya kuiwasha, volti 14.1. Akasema betri na jenereta ni salama, kwani gari likiwaka yatakiwa tuone baina ya volti 13.8 na 14.5 au karibu na hapo.

Alipozima injini aliuliza kama ile sensa ya zamani, iliyotolewa gereji, imetupwa. Dereva, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, alifungua kijaluba cha dashibodi akatoa kitu kilichofungwa katika kipande cha gazeti. Alikuwa ameihifadhi. Alisema, "Kitu cha madrasa hakitupwi mpaka kamati ikione." Hatukusema neno, ila tulimtazama mjumbe wa kamati tuliyemwalika awepo, naye akatazama chini.

Kijana akaomba bakuli la maji ya mtungini na chupa ya chai yenye maji ya moto. Akaitia ncha ya sensa ya zamani katika maji ya mtungini, akaweka mita kwenye omu: kadiri ya 1,900. Akaitia katika maji ya moto, na nambari ikaanza kushuka mbele ya macho yetu, 900, 600, 400, hata ikakaribia 300. Watoto waliowahi chuoni walisimama kutazama kama watazamao mazingaombwe. Kisha akaifungua ile sensa mpya kutoka kwenye injini, ambayo ilikuwa imepoa tangu usiku, akaifanyia hivyo hivyo. Nambari zikawa karibu sawa. Akasema, "Zote mbili nzima. Hii ya zamani haikuwa na kosa hata siku moja."

Hapo shahidi wa kwanza alikwisha kuondolewa lawama. Wakabaki wawili.

Sensa mpya ikarudishwa mahali pake, na soketi yake ikaachwa wazi. Kijana akafungua swichi ya ufunguo bila ya kuwasha injini, akaugusa waya wa kwendea kwa ncha nyekundu, na nyeusi akaiweka kwenye upande hasi wa betri. Kioo kikaonesha volti 5. Waya wa kwanza salama, na kompyuta inapeleka sawasawa. Kisha ncha nyeusi akaihamishia kwenye waya wa ethi uliomo ndani ya soketi ile ile. Kioo kikaonesha tena volti 5. Mjumbe akasema, "Basi na huo nao ni mzima." Kijana akatikisa kichwa.

"Bado, ami," akasema. "Mita hii haitumii umeme ila kidogo mno. Waya uliooza, usipobebeshwa kitu, hujibu kama waya mzima. Umesema kweli ulipoulizwa bila ya kazi. Sasa tuuulize ukiwa kazini."

Maneno haya yalitugusa. Kamba iliyooza ikitundikwa ukutani huonekana kamba kama nyingine. Mfunge nayo ng'ombe ndipo utakapoijua.

Akafunga soketi, akawasha injini, akaiacha inguruma mpaka ikapata moto. Alitukataza kuufungua mfuniko wa rejeta, kwani maji yaliyomo huwa na nguvu ya kumwunguza mtu uso, na akatutaka tukunje mikono ya kanzu zetu tukae mbali na feni na mikanda. Kisha akapenyeza kipini chembamba kwa nyuma ya soketi, pembeni mwa waya wa ethi, bila ya kuutoboa, akapima baina yake na upande hasi wa betri. Hapo, alisema, haitakiwi kuonekana zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti, kwani waya mzima haukizuii cha kurudi. Kioo kikaonesha volti 1.6.

Injini ikazimwa, waya wa betri ukafunguliwa, kwa sababu omu hazipimwi umeme ukiwa unapita. Akafungua soketi ya kompyuta, akapima ule waya wa ethi kutoka ncha hata ncha. Ilitakiwa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma omu 1,400, na alipotikisa furushi la nyaya karibu na betri, nambari ikapanda na kushuka.

Sasa hesabu ikawa wazi hata kwa mtoto wa darasa la kuhesabu. Sensa yenye moto inasema omu 300. Waya mbovu unaongeza 1,400. Kompyuta inasikia 1,700, na 1,700 katika sensa ya namna hii ni joto la nyuzi 30 hivi, yaani joto la mchana wa Tanga. Injini inachemka, na kompyuta inaambiwa kuwa haijawashwa bado. Kwa hivyo ilimimina petroli siku nzima. Tena, kwa kuwa nyuzi 30 ni joto liwezalo kuwapo, kompyuta haikuona ajabu, wala haikuwasha taa ya onyo. Waya ungelikatika kabisa ingelipata khabari ya baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ambayo hata huko baridini ni nadra, na taa ingeliwaka. Uongo ufananao na kweli ndio unaodumu. Na mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa sawa siku zote, kwa kuwa katika basi hili mshale una sensa yake mbali, isiyohusiana na ile ya kompyuta.

Kijana akafungua utepe wa furushi. Karibu na betri, katika ngozi ya waya ule, palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Siku moja huko nyuma fundi fulani alitaka kuupima, akautoboa, akaenda zake. Hewa ya chumvi ya bahari ikaingia, na maji ya mvua yakafuata, na shaba iliyomo ndani ikageuka kutu ya kijani hata zikabaki nyuzi mbili tatu. Alikata sehemu yote iliyooza mpaka akafika kwenye shaba ing'aayo, akaunga kipande kipya kisichozidi shubiri moja, akalehemu, akakivika mpira unaobana kwa joto. Alipopima tena gari likiwa na moto, ile volti 1.6 ilikuwa imeshuka kuwa sehemu mbili za mia moja ya volti. Sauti ya injini ilipoa, na moshi ukatakata.

Wako watakaosema kuwa hapo khabari imekwisha. Sisi hatukuona hivyo. Kupatikana kwa waya mbovu kulionesha kwamba gari liliweza kuipoteza petroli. Hakukuonesha bado kwamba lote lililopotea limepotea kwa njia hiyo, na aliyetuhumiwa ana haki ya kusafishwa kwa ukamilifu. Kwa hivyo tuliomba tanki lijazwe pomoni mbele ya mjumbe yule yule, kilomita ziandikwe kwa mkono wake, na baada ya juma moja lijazwe tena pomoni kituo kile kile. Zikaingia lita 41. Daftari la dereva na daftari la mjumbe yakawekwa pamoja, na hayakuhitilafiana.

Mjumbe alisimama katika mkutano uliofuata, mbele ya watu wale wale na juu ya mkeka ule ule, akamtaka dereva radhi. Hakujificha nyuma ya maneno ya gereji. Dereva alijibu, "Nimekusamehe. Lakini siku zile tatu, mjukuu wangu aliniuliza kwa nini siendi kazini." Hakuongeza, wala hapana aliyeweza kumjibu.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba fundi wa gereji alikuwa mwizi. Huko nako kungelikuwa kutuhumu bila ya kipimo. Alizifuata dalili, na dalili ni njia ya kuanzia. Kosa ni kuifanya dalili kuwa hukumu. Moshi mweusi wasema kuwa petroli imezidi, lakini hausemi ni kwa nini. Na petroli iliyozidi katika hesabu hutujulisha kuwa imepotea, wala haimtaji mwizi.

Kwa wale wenye magari ya nyumbani, ya jamaa, au ya misikiti na vyuo, twaweka hapa machache tuliyojifunza asubuhi ile, huenda yakawafaa.

Fundi anapokwambia kitu fulani kimekufa, mwulize kwa adabu, "Umepima wapi, na nambari ilikuwa ngapi, na ilitakiwa kuwa ngapi?" Fundi mwenye elimu yake hatachukia. Atafurahi kupata mtu wa kumweleza.

Kitu cha zamani kikibadilishwa, kitake ukiweke. Kile ni mali yako, na siku moja chaweza kuwa shahidi.

Usimwache mtu atoboe nyaya za gari lako kwa sindano, khasa sisi wa mwambao. Bahari haisahau tundu. Wala usikubali taa ya kujaribia itumiwe katika nyaya za kompyuta, kwani taa huvuta umeme mwingi kuliko nyaya zile zilivyokusudiwa kubeba, na yaweza kuiharibu kompyuta yenyewe. Mita za siku hizi huwa na ukinzani wa omu milioni 10 ndani yake, ndiyo maana ziko salama hapo.

Pima omu umeme ukiwa umefungwa, na pima waya wa ethi kwa volti gari likiwa kazini. Anayeyageuza haya mawili hudanganyika.

Weka daftari la kilomita na lita, na kila mara jaza tanki pomoni ili hesabu iwe na mwanzo na mwisho. Na mwenye kuandika asiwe mmoja peke yake. Shahidi wa pili humlinda dereva mwaminifu kabla ya kumkamata asiye mwaminifu.

Na ninyi vijana, msidhani kuwa kazi ya kushika mita ni kazi duni, ya mikono tu. Yule tuliyemsomesha herufi alikuja kutusomesha sisi, nasi tulikaa mbele yake kama wanafunzi, wala hatukupungukiwa na kitu. Aliokoa fedha za wazazi, lakini zaidi ya hayo aliokoa jina la mtu, kwa kifaa kinachoingia mfukoni na kwa kukataa kusema kabla ya kuuliza. Jifunzeni ufundi, na muujifunze mpaka kwenye sababu zake, kwani kubadilisha vitu hata asiyejua hubadilisha.

Mara kwa mara huletwa mbele yetu shauri la mtu aliyedhaniwa: mtumishi wa nyumbani, mtoto wa kambo, karani, muuza duka. Siku hizi huwauliza walioleta shauri neno lile lile tulilowauliza wanakamati: mmepima nini? Wengine hukasirika. Wengine huondoka, wakarudi baada ya siku mbili wakisema kuwa fedha zilionekana chini ya godoro. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaouliza mapema.